Maisha ya Mohamed Husen, Mchezaji wa Sinema Aliyedai Mshahara Wake

Mji wetu wa Lushoto, zamani za Wadachi, yaani Wajerumani, uliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, na baadhi ya majumba waliyoyajenga yangali yamesimama. Kwa ajili hiyo sisi tusomao huku milimani hatuchoki kusikia habari za Wadachi: nani alikuja, mwaka gani, alijenga nini, alimnyonga nani. Lakini safari haikuwa ya upande mmoja. Wako watu wa nchi hii waliopanda meli wakaenda kwa Wadachi, wakakaa huko, wakafanya kazi, wakaoa, na wengine wakafia huko huko. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900, akafa katika mji huo mwaka 1927. Mwingine, na huyu ndiye nitakayesimulia maisha yake, ni Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa mchezaji wa sinema. Alionekana katika picha za sinema zaidi ya 20 zilizotengenezwa kwa Wadachi hadi mwaka 1941.

Nilipowaambia wenzangu bwenini kwamba nataka kumwandika katika gazeti letu, hawakukubali wote. Mmoja aliuliza kwa nini tumtukuze mtu aliyeshika bunduki ya Wadachi, kisha akacheza katika sinema ya kumsifu Carl Peters. Swali hilo ni la haki, hasa hapa Usambara, ambako mwaka 1895 Wadachi walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, na utawala wao ulisimama juu ya mabega ya askari weusi. Sikuweza kulijibu kwa neno moja. Basi nayaandika maisha yake kama yalivyokuwa, msomaji naye awe hakimu. Ila maoni yangu mimi sitayaficha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Huko Ulaya aliitwa Bayume Mohamed Husen, na katika majina ya wachezaji wa sinema aliandikwa Mohamed Husen tu. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Sudani, askari wa jeshi la Wadachi aliyefikia cheo cha efendi. Wasomaji wajue kwamba efendi ndicho kilichokuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kupewa mtu mweusi katika jeshi lile. Jeshi lenyewe lilianza mwaka 1889, Wissmann alipokwenda kuwaandika Wasudani huko Misri ili waje kupigana na Abushiri wa Pangani na watu wa pwani waliokataa kutawaliwa. Askari hao walilipwa vizuri kuliko watu wengi wa nchi, wakaogopwa, na watoto wao wakakua katika kambi, wakiamka kwa tarumbeta na kulala kwa tarumbeta. Mahjub alijifunza Kidachi tangu utotoni. Kwa mtoto kama huyu, serikali ya Wadachi ilikuwa ndiyo serikali ya nyumbani kwao, ndiyo iliyomlisha. Hilo halimtakasi baba yake kwa mambo waliyoyafanya askari, lakini mtoto wa miaka kumi hachagui kambi ya kuzaliwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwezi wa Agosti 1914. Huku kwetu kaskazini watu wanaikumbuka zaidi kwa ajili ya mapigano ya Tanga ya Novemba mwaka huo, Waingereza waliposhuka pwani kwa majeshi waliyoyatoa Bara Hindi wakarudishwa baharini. Na kwa ajili ya mwaka 1916, Waingereza walipoifuata reli ya Usambara, nao Wadachi wakauacha mji huu wa Lushoto mwezi wa Juni. Baada ya hapo vita vilihamia kusini, na kusini ndiko alikokuwa Mahjub. Mwaka 1914 baba na mwana walikuwa Lindi, wakaingia jeshini pamoja, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi tu. Siku hizi tungemwita mtoto askari, na sheria za dunia zingewakamata waliomwandika. Wakati ule hakuna aliyeshangaa.

Alivumilia vita miaka mitatu. Mwezi wa Oktoba 1917 palikuwa na mapigano makali sana Mahiwa, bara ya Lindi. Yalidumu siku nne, na katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki hayakutokea mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko hayo. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kuumizwa walizidi 2,000, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika wa kutoka Nijeria. Hapo Mahjub alijeruhiwa, akashikwa na Waingereza akawa mateka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yaani umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza.

Hapa yafaa nieleze jambo la mshahara, maana ndilo shina la maisha yake yote. Vita vilipokuwa virefu, Wadachi waliishiwa na fedha. Hapa Afrika ya Mashariki walijipigia noti za karatasi na hata sarafu zao wenyewe, kwa sababu meli hazikuweza kufika kutoka Ulaya. Askari walipigana miezi na miezi wakiwa na ahadi tu mkononi. Vita vilipokwisha mwaka 1918, serikali iliyoahidi ilikuwa imeondoka, nchi imekuwa ya Waingereza, na yule mwenye ahadi hakuwa na dirisha la kwenda kuidai.

Mahjub alipopona alikwenda kutafuta riziki baharini. Alifanya kazi melini, na kutoka mwaka 1925 alikuwa mtumishi wa mezani katika meli za kampuni ya Kidachi iliyokuwa ikileta abiria na mizigo Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 alifika Berlin, akenda kwenye ofisi ya Mambo ya Nchi za Nje, akadai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Jibu alilopewa ni kwamba amechelewa. Muda wa kudai umekwisha pita.

Wazee wetu husema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Mwenzangu mmoja alinitajia methali hiyo, akisema Husen angerudi kwao tu. Lakini mimi naona methali hiyo haina mahali pake hapa. Shukrani ni kitu cha hiari, mtu hutoa akipenda. Mshahara ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Mtu aliyevuka bahari kwenda kudai deni la baba yake hakuwa akiomba sadaka.

Hakurudi. Alibaki Berlin, na hapo ndipo anapoanza Husen mchezaji. Alipata kazi katika jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland, mahali panapoitwa Potsdamer Platz. Jumba hilo lilikuwa la ajabu. Ndani yake kila ukumbi ulipambwa kama nchi nyingine: hapa mkahawa wa Kituruki, pale baa ya Marekani ya Magharibi, na kwingine ukumbi wa kutazama mto Rhine, ambao kila mara taa zilizimwa ikapigwa radi ya mitambo na kunyesha mvua ya mabomba, wageni wakashangilia kisha wakaendelea kunywa. Husen alikuwa akihudumu katika baa ile ya Kimarekani. Fikirini, mtu wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari wa Lindi, akiwapelekea Wadachi vinywaji kana kwamba yuko Marekani! Kwa maoni yangu huo ulikuwa mchezo wake wa kwanza, ingawa haukuwa na jukwaa.

Tarehe 27 Januari 1933 alioa mwanamke wa kabila la Wadachi wa Chekoslovakia. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari, Hitler akashika serikali.

Hapo mambo yalianza kuwa ya kugeuka-geuka, na hapana budi niyaeleze polepole. Wafuasi wa Hitler waliwadharau watu weusi, na kwa sheria zao za kabila za mwaka 1935 walizuia ndoa na mapenzi baina ya Wadachi na watu waliowahesabu kuwa wa damu ya kigeni. Waafrika waliotoka makoloni ya zamani walihesabiwa kuwa hawana uraia, wakapewa vyeti vya wageni. Wakati huo huo Wadachi walikuwa wanataka kurudishiwa makoloni waliyonyang'anywa mwaka 1919, na nchi yetu ilikuwa ndiyo kubwa kuliko yote. Kwa hiyo walihitaji kuionyesha dunia kwamba Waafrika waliwapenda na kuwatamani. Ofisi zao zenyewe ziliogopa kwamba Mwafrika akiteswa Berlin habari zitafika Afrika. Hivyo mtu kama Husen alikuwa hatakiwi na anatakiwa kwa wakati mmoja. Hakutakiwa kuwa jirani, ila alitakiwa sana kuwa picha.

Nikumbushe hapa jambo moja la kwetu. Katika misitu yetu ya Usambara lipo ua dogo la rangi ya zambarau, ambalo mtawala wa Kidachi wa Tanga, aitwaye von Saint Paul, alilipeleka kwao katika miaka ya 1890. Wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia, kwa ajili yake. Ua hilo likapendwa, likaenea madirishani Ulaya nzima na Marekani, wala hakuna aliyeliuliza cheti. Naligusia tu kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba kila kitu cha Afrika kilichukiwa huko.

Sasa nije kwenye sinema. Mwaka 1934 ilitoka picha iitwayo Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, maana yake wapanda farasi wa Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Ilitengenezwa na Herbert Selpin, na hadithi yake ni ya bwana mmoja mwenye shamba na vita vya 1914. Husen alicheza kama Mustapha, kijana askari anayejifunza kazi ya ishara. Yaani alilipwa kuigiza mambo yale yale aliyoyaona kwa macho yake akiwa mtoto, na ambayo kwa kuyafanya kweli hakulipwa. Sijui kama yuko mchezaji mwingine duniani aliyepata bahati chungu namna hiyo. Picha yenyewe nayo ilikuwa na mkosi: mwaka 1939 serikali ya Hitler iliipiga marufuku kwa kuwa iliwaonyesha Waingereza kwa wema na haikuwa na ukali wa kutosha wa vita, na baada ya 1945 walioshinda vita wakaipiga marufuku kwa kuwa ilisifu vita.

Baada ya hiyo alipata kazi katika picha nyingi. Mojawapo ilikuwa Zu neuen Ufern ya mwaka 1937, ambamo mchezaji mkubwa alikuwa Zarah Leander, mwimbaji kutoka Uswidi aliyependwa mno na Wadachi. Katika picha hizi Husen mara nyingi alionekana kitambo kidogo tu. Mtumishi, mpagazi, mlinzi wa mlangoni: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na mara nyingi jina lake halikuandikwa kabisa. Katika shule yetu tukicheza michezo ya kuigiza, kila mtu hugombea kuwa mfalme au hakimu, na yule anayepewa kuwa mtumishi hununa wiki nzima. Husen alikuwa mtumishi katika sinema miaka saba. Lakini waliozitazama picha hizo siku hizi wanasema kwamba macho huvutwa kwake, kwa jinsi anavyosimama wima kama askari wa gwaride.

Haikosi mtu atauliza kama hiyo ni kazi ya sifa. Mimi najibu kwamba ilikuwa kazi iliyobaki. Mwaka 1935 alipoteza kazi yake Haus Vaterland, baada ya wafanyakazi wenzake kumlalamikia. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Akajiunga na kundi lililoitwa Deutsche Afrika-Schau, lililosafiri mji hata mji likionyesha jukwaani ngoma, vichekesho na maisha ya Afrika, au tuseme maisha ya Afrika kama Wadachi walivyopenda kuyaona. Kundi hilo lilianzishwa na Waafrika wenyewe ili wapate riziki, kisha serikali ikalishika mkononi ili iwaangalie na kuwatumia. Mwaka 1940 serikali ile ile ikalifunga, kwa kuwa haikupenda tena watu weusi waonekane jukwaani mbele ya watu.

Kazi yake nyingine ilikuwa ya heshima zaidi, nayo ni kufundisha Kiswahili. Katika Chuo Kikuu cha Berlin alikuwa msaidizi wa Profesa Diedrich Westermann, mtaalamu mkubwa wa lugha za Afrika, akiwazoeza wanafunzi kusema. Waliokuja kujifunza ni watu waliotumaini kutumwa huku kutawala siku makoloni yatakaporudishwa. Hebu mtazame tena: mtu aliyenyimwa uraia akiwafundisha hao namna ya kuamkiana na watu wa kwao. Cheo chake kilikuwa kidogo, na fedha alizopewa zilikuwa kidogo vile vile, ingawa pasipo mtu kama yeye somo la kusema Kiswahili lisingewezekana.

Katika miaka hiyo alikuwa na madai mengine. Mwaka 1934 serikali ilitoa nishani kwa kila mtu aliyepigana katika Vita Kuu. Husen aliomba yake. Akanyimwa. Basi akaenda dukani kulikouzwa vitu vya kijeshi, akajinunulia nishani, akaivaa pamoja na mavazi ya askari alipoalikwa katika mikutano ya watu waliodai makoloni. Zipo picha zake akiwa amesimama na bendera, kifua mbele, uso mkavu. Wengine wakiziona picha hizo hucheka, na wengine hukasirika kwamba alikubali kushika bendera ya wale watu. Mimi kila nikisoma habari hizo naona mtu anayesema kwa mavazi lile neno ambalo ofisi zilikataa kulisikia kwa maandishi: kwamba alikuwapo Mahiwa. Hata mwaka 1939, vita vingine vilipoanza, alijitolea kuingia jeshini. Wakamkataa vile vile. Hapo nakiri kwamba simwelewi sawasawa. Labda aliamini kwamba safari hii hawataweza kumkana. Au labda aliogopa, maana mtu mwenye mavazi ya jeshi alikuwa na usalama kuliko mtu mweusi mwenye suti.

Picha ya mwisho aliyocheza ndiyo ile inayoleta ubishi. Iliitwa Carl Peters, ikatoka mwaka 1941, na mtengenezaji wake alikuwa tena Herbert Selpin. Kila mwanafunzi wa historia anamjua Peters. Ndiye aliyekuja mwaka 1884 akapita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami, akiwatia watawala saini katika karatasi wasizozielewa, na karatasi hizo ndizo zilizokuwa mwanzo wa utawala wa Wadachi. Watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Alipokuwa mkuu wa Kilimanjaro alimnyonga mtumishi wake Mabruk na mwanamke aliyeitwa Jagodjo, mambo yakafika hata katika bunge la Wadachi wenyewe, na mwaka 1897 akafukuzwa kazi. Serikali ya Hitler ikamsafisha, ikamfanya shujaa, ikampa mchezaji aliyependwa kuliko wote, Hans Albers, amwigize. Husen akawa Ramasan, kiongozi wa safari na mtumishi mwaminifu wa Peters. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu kubwa kuliko zote alizopata kupewa, nayo ilikuwa na jina.

Ukweli hauna budi usemwe. Picha hiyo ni ya uongo, na Husen aliusaidia uongo huo kwa uso wake na kwa lugha yake, ambayo ni lugha yetu. Babu za watu wa Uzigua, jirani zetu hapa chini ya milima, ndio waliotiwa saini katika karatasi zile. Mwenzangu aliyekasirika hakukasirika bure. Lakini naomba tuangalie na mwaka wenyewe. Mwaka ule wa 1941 Mwafrika aliyekuwa Berlin hakuwa na meli ya kumrudisha kwao, kwa sababu ya vita, na nchi yetu ilikuwa chini ya Waingereza, adui wa Wadachi. Maonyesho ya jukwaani yalikwisha pigwa marufuku. Kazi ya chuo kikuu ilikwisha mwaka huo huo. Sinema peke yake ndiyo iliyokuwa bado inamhitaji mtu mweusi, na ilimhitaji kwa mtindo huo tu. Aliyekuwa na nafasi ya kukataa ni Hans Albers, tajiri na mpendwa wa watu, na hakukataa.

Hata utii haukumfaa. Mwaka huo huo wa 1941 ilijulikana kwamba Husen alikuwa na mapenzi na mwanamke wa Kidachi. Mtu akamchongea, naye akakamatwa na Gestapo, yaani polisi wa siri wa Hitler. Kama alimkosea mke wake hilo ni jambo jingine, na sisemi kwamba alifanya vema. Lakini hakukamatwa kwa sababu ya mke wake, alikamatwa kwa sababu ya rangi yake. Hakupelekwa mahakamani. Hakusomewa mashtaka mbele ya hakimu yeyote. Alipelekwa moja kwa moja katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Picha ya Carl Peters ilikuwa imetoka mwaka ule ule, na Ramasan mwaminifu alionekana katika sinema za Wadachi, huku mchezaji wake amefungwa nyuma ya seng'enge.

Katika kambi hiyo watu walikufa kwa maelfu, kwa njaa, kazi, maradhi na risasi. Walikuwamo Warusi, Wapolandi, Wayahudi, Wadachi waliompinga Hitler, na watu wa mataifa mengine mengi. Husen alistahimili miaka mitatu, muda ule ule aliostahimili katika vita vya utoto wake. Alifariki huko tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka arobaini. Miezi mitano baadaye kambi ikakombolewa. Selpin, aliyetengeneza picha zile mbili, alikwisha tangulia: mwaka 1942 alisema maneno mabaya juu ya jeshi la Wadachi, akakamatwa, na tarehe 1 Agosti akakutwa amekufa kwa kunyongwa chumbani mwa gereza. Serikali ile haikuwa na rafiki.

Miaka mingi hapana aliyemtaja Husen, huku wala huko. Kisha mwanamke mmoja Mdachi, Profesa Marianne Bechhaus-Gerst, mtaalamu wa mambo ya Afrika, alizifukua karatasi zake katika nyaraka za serikali, akaandika kitabu cha maisha yake, kikatoka mwaka 2007. Naona ajabu kidogo kwamba karatasi hizo zilikuwapo. Ni zile barua za madai: barua ya mshahara, barua ya nishani, barua ya kuomba kazi. Kama asingelikuwa mtu wa kudai, leo tusingelikuwa na habari zake ila kivuli cha mtumishi anayepita nyuma ya Zarah Leander. Mwaka 2013 mwanamke mwingine, Eva Knopf, alitengeneza sinema juu yake iitwayo Majubs Reise, yaani safari ya Majub. Humo aliviokota vile vipande vidogo alivyoonekana Husen katika picha za zamani, akaviunganisha, na hivyo yule aliyekuwa nyuma ya wengine akawa mchezaji wa kwanza katika sinema nzima.

Mwenzangu wa bwenini amesoma maandishi haya kabla sijayapeleka kwa mwalimu. Anasema bado asingemwita shujaa. Mimi nami sikumwita hivyo, na ukipekua utaona neno hilo nimempa Peters tu, tena kwa kinywa cha wengine. Tulikubaliana juu ya jambo moja, kwamba alidhulumiwa.

Mbele ya nyumba alimokaa mjini Berlin, Brunnenstraße namba 193, mwaka 2007 limewekwa jiwe dogo njiani, la mraba, upana wake sentimeta 10, lenye bamba la shaba nyeupe juu yake. Mawe ya namna hiyo yamewekwa katika miji mingi ya Ulaya kuwakumbuka waliouawa na serikali ya Hitler. Limechorwa jina lake, mwaka aliozaliwa, na siku aliyokufa huko Sachsenhausen.